Rula Iliyoanguka

Alama ya tairi ilikuwa na urefu wa mita nne na robo. Inspekta Rukaiya Namkuna aliipima mara mbili, kisha akamwambia Konstebo Ashiru aipime mara ya tatu.

"Nne na robo, afande. Haijaongezeka."

"Kutoka pale kona inapofunguka hadi tela la lori?"

"Thelathini na sita."

Rukaiya aliandika. Lori lilikuwa bado pale lilipoharibikia tangu Jumatatu, upande wa kushoto wa mteremko unaotoka Newala. Nyuma ya tela palikuwa na kreti tatu za soda zilizopasuka, na vipande vya chupa vilikuwa vimefagiliwa hadi ukingoni. Mita ishirini na tano kabla ya lori, dereva alikuwa amelaza matawi ya mkorosho barabarani ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Tawi moja lilikuwa limesagwa na tairi la pikipiki. Marehemu Chrispin, aliyekuja kugonga tela, alilipita bila kugusa breki.

Dereva wa lori aliitwa Cuthbert. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, na kwa siku nne alikuwa akilala ndani ya lori lake akisubiri kipuri kutoka Masasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena? Nimekwisha kusema yote."

"Nisimulie kama vile sijawahi kusikia."

"Siku ya Jumanne, saa nne kasoro asubuhi. Nilikuwa nimekaa hapa kwenye jiwe, nakula muhogo. Akatokea konani. Mwendo wa kawaida tu, arobaini hivi. Hapa hakuna mwenye akili anayezidisha. Mashine ya kupulizia salfa ameifunga nyuma, na mwili mzima una vumbi la njano, kama amegaragara kwenye unga wa mahindi. Nikajua ametoka kupulizia mikorosho ya watu."

"Alikuona?"

"Aliniangalia! Ndiyo maana nasema ni uzembe. Ananiangalia mimi, analiangalia lori, na bado anakuja. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mdomoni. Anaongea na simu. Siku hizi wanakufa kwa simu kama kuku."

"Uliiona simu?"

Mzee Cuthbert alifikiri. "Niliona mkono mdomoni."

"Mdomoni au sikioni?"

"Mdomoni. Hivi." Alikunja ngumi na kuiweka mbele ya midomo. Akaitazama ngumi yake mwenyewe, kisha akaishusha polepole. "Sasa, mtu anaongea na simu akiwa ameielekeza mdomoni?"

"Wengine huongea hivyo," Ashiru alisema.

"Simu yake ilikuwa kwenye begi," Rukaiya alisema. "Imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, salfa isiingie. Mara ya mwisho aliitumia saa moja na dakika kumi na mbili."

Alirudi konani, akageuka, akatembea tena hadi kwenye alama ya tairi. Mtu anayekwenda kilomita arobaini kwa saa hupita mita kumi na moja kila sekunde. Tangu alipoliona lori hadi tairi lilipoanza kukwaruza lami, Chrispin alikuwa amepita karibu mita thelathini na mbili.

"Ashiru, karibu sekunde tatu. Alilitazama lori kwa sekunde tatu ndipo akafunga breki."

"Labda alifunga mapema, breki ikakataa. Ndiyo kesi yetu, afande. Yule kijana Jumanne aliilegeza."

"Breki iliyokataa haichori lami. Hii imeshika. Imeshika ikiwa imechelewa."

Ashiru alitazama saa yake. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameagiza Jumanne Nampoto, dereva bodaboda wa kijiwe kimoja na marehemu, afikishwe mahakamani saa kumi alasiri kwa kosa la mauaji. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi.

*

Nje ya kituo cha polisi Newala, mama yake Jumanne, Bi Fatu, alikuwa amekaa kwenye ngazi tangu jana jioni, na kibakuli cha ugali kilichofunikwa kwa sahani. Rukaiya alimwamkia. Bi Fatu aliitika, akauliza jambo moja tu.

"Atakula leo, mama?"

"Atakula. Nipe nimpelekee."

Jumanne aliletwa. Alikuwa kijana mrefu, jino moja la mbele limeng'oka. Alikula matonge manne kabla ya kuinua macho.

"Fundi Nikolao anasema kebo ya breki ya mbele imelegea," Rukaiya alisema. "Na watu watano wa kijiwe wanasema Jumatatu jioni ulikuwa umepiga magoti mbele ya pikipiki ya Chrispin na spana namba kumi."

"Aliniomba mwenyewe. Breki ilikuwa inang'ata mno. Anashuka mlima na mashine nyuma, anaogopa itamrusha. Nikailegeza nyuzi mbili za skrubu. Muulize Nikolao kama nyuzi mbili zinaua mtu."

"Nimemuuliza. Anasema haziui. Anasema pia uliwahi kumwambia Chrispin mbele ya watu, 'Ipo siku utateleza, na mimi nitakuwepo nikicheka.'"

Jumanne aliweka tonge chini.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimwonea wivu, afande. Wivu nao una kifungu cha sheria? Miaka sita mimi ndiye napulizia mashamba yote kuanzia hapa hadi Chiungutwa. Yeye akanunua mashine mpya, watu wote wakahamia kwake. Mpaka mjomba wangu! Mjomba wa damu, mikorosho themanini, akampa Chrispin. Unapita alfajiri, umande bado uko kwenye majani, unasikia mashine yake inalia kwenye shamba ulilozoea wewe. Unajua inavyochoma?" Aligusa kifua chake. "Lakini yule bwana alikuwa ananigawia. Akizidiwa ananipigia simu. Hapo ndipo nilizidi kumchukia. Afadhali angeninyima."

"Mara ya mwisho kumwona alikuwaje?"

"Alikuwa anakohoa. Msimu wa salfa sote tunakohoa. Tunakunywa maziwa, yanaosha kifua, tunaendelea. Lakini yeye alikuwa amezidi. Mwaka jana alimwangusha mkewe kwa sababu ya kukohoa, hapo hapo mlimani. Mama Isabela akachanika goti. Tangu hapo akawa anakwenda zahanati, anavuta dawa kama mzungu. Tulimcheka sana." Alilitazama lile tonge. "Sasa nani atanigawia kazi?"

Swali lilikuwa la kijinga, na alilitambua baada ya kulitoa. Aliinama juu ya kibakuli cha mama yake akalia bila sauti.

Rukaiya alikwenda chumba cha vielelezo. Boksi la Chrispin Mkuti lilikuwa na helmeti, simu, kitambaa cha kufunga puani, chupa ya plastiki yenye utando mweupe wa maziwa, tupu, na kitu ambacho askari wa zamu alikiandika "kichupa cha dawa, kimeokotwa majanini, hatua tatu kutoka kwenye mwili." Kilikuwa dawa ya kuvuta ya watu wenye pumu: ganda la plastiki la bluu, na ndani yake kikopo kidogo cha chuma. Kwenye ganda palikuwa na karatasi iliyobandikwa, mwandiko mzuri wa kalamu ya kijani: *Chrispin. Mbili kabla ya kazi, mbili baada ya kazi, USISAHAU.*

Alikitikisa. Hakikusikika kitu. Alikibonyeza, na kikatoa mlio mkavu bila mvuke.

Alivaa glovu, akakivuta kikopo nje ya ganda. Chini yake palikuwa na namba ya toleo, inayoishia na 417.

*

Mabel Chitanda alikuwa tabibu katika zahanati ya binafsi jirani na soko la Newala. Alipoiona karatasi ya kalamu ya kijani ndani ya mfuko wa kielelezo, aliketi.

"Ni mimi niliyeandika. Nilimpa Jumamosi. Ilikuwa mpya, dozi mia mbili."

"Ni tupu."

"Haiwezekani. Siku tatu? Hata angeinyunyizia mikorosho."

Alifungua daftari la dawa. Mwezi wa tano alimpa Chrispin kikopo cha kwanza, toleo linaloishia na 417. Jumamosi alimpa cha pili, toleo linaloishia na 902. Rukaiya aliweka mfuko juu ya meza na kuugeuza, namba ikaonekana.

Mabel aliisoma mara kadhaa. "Hiki ni cha zamani. Ganda ni langu la Jumamosi, kikopo ni cha mwezi wa tano. Alisema kile cha zamani kilikwisha, akakiacha nyumbani. Nani amekichomeka humu?"

"Nieleze kwanza kifua na breki vinahusianaje."

Tabibu alifungua mtoto wa meza akatoa rula ya plastiki, ile ya shule ya sentimita thelathini. "Weka mkono hapa, afande. Acha nafasi kati ya vidole. Nikiiachia, idake."

Aliiachia. Rukaiya aliidaka kwenye kumi na tisa.

"Vizuri. Kadiri inavyoshuka ndivyo ulivyochelewa. Sasa panda na kushuka ngazi za nje mara kumi, na uzibe pua. Pumua kwa huu mrija wa soda tu."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Ashiru alikohoa kuficha kicheko. Rukaiya alifanya. Aliporudi kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na hewa ya mrija haikutosha. Mabel aliachia rula. Rukaiya aliiona ikianza kushuka. Aliiona wazi kabisa. Ilipita vidoleni na kupiga sakafu.

"Uliiona?"

Alitoa mrija. "Niliiona."

"Basi. Macho hayakuchelewa. Kifua kikibana, mwili wote unashughulikia pumzi moja inayofuata, hauna habari na kingine. Salfa ikifika kwenye kifua chenye pumu inakikaba. Chrispin alikuja kila Jumamosi ya msimu, mara nyingi amekwisha kupulizia. Nampima kabla ya dawa na baada ya dawa." Alifungua daftari jingine, jembamba. "Soma. Siku ambayo hajapulizia, kumi na saba, kumi na nane, kumi na saba. Ametoka shambani, hajavuta dawa: ishirini na tisa, imeanguka, imeanguka. Amevuta, amepumzika dakika kumi na tano: kumi na tisa."

"Kwa hiyo rula inaeleza zile sekunde tatu?"

"Hapana. Rula inapima sehemu ndogo ya sekunde, na siwezi kuapa mahakamani kwa kuitumia yenyewe. Lakini mtu ambaye hapa ndani ameshindwa na rula, mweke mlimani, anakohoa, mkono mmoja ameuachanisha na breki anatafuta dawa, anaibonyeza, haitoki kitu, anaibonyeza tena..."

"Ungeandika hivyo?"

"Nitaandika na kusaini."

Rukaiya alichukua daftari jembamba na ile rula. "Watu wanasema Chrispin alikuwa anakuja kwako kwa mambo mengine."

Mabel hakukasirika. "Wanasema. Mimi ni mjane, na yeye alikuwa mcheshi. Lakini huyo mtu alikuwa akitamka sentensi mbili, ya tatu ni mke wake. Mpaka nikamwonea wivu mwanamke nisiyemjua sura. Anza na ukurasa wa kwanza, afande. Nimeandika alivyosema."

Rukaiya aliusoma ndani ya gari, Ashiru akiwasha injini. Aliusoma, akalifunga daftari, akaliweka mkobani.

"Tunakwenda wapi?"

"Chiungutwa. Msibani."

*

Turubai lilikuwa limeshashushwa, lakini wanawake wachache bado walikuwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Helena, mke wa marehemu, alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kanga imefika chini ya goti lenye kovu refu. Karibu yake binti yao Isabela, wa miaka mitatu, alikuwa akipuliza kitu kama filimbi. Kilikuwa ganda la bluu la dawa ya kuvuta, bila kikopo.

"Pole na msiba, Mama Isabela."

"Asante. Mmeshamfunga Jumanne?"

"Bado. Nataka tuzungumze ndani, sisi wawili."

Ndani palikuwa na kitanda, sanduku, na koti la Chrispin msumarini, mabega yake yana njano isiyotoka. Rukaiya alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alitoa rula ya Mabel akaiweka kitandani.

Helena aliitazama, akageuza uso upande wa ukuta.

"Unaijua?"

"Rula kila mtu anaijua."

"Jumamosi ulikwenda Newala," Rukaiya alikisia.

"Nilipeleka mbaazi."

"Ukapita zahanati."

"Barabara inapita pale. Nifumbe macho?" Sauti ilianza kupanda. "Dirisha liko wazi. Mume wangu amekaa, mwanamke amesimama mbele yake, karibu hivi. Anaachia rula, mume wangu anaidaka. Anaachia, inaanguka, wanacheka. Wanacheka mpaka yeye anajifuta machozi! Huyo ni mgonjwa? Nyumbani amechoka, amenuna, hawezi hata kuongea, anakohoa kutwa. Kumbe kicheko anakipeleka Newala."

"Akarudi na dawa."

"Akarudi na dawa imeandikwa jina lake kwa kalamu ya kijani. 'Usisahau.' Yeye ni nani wa kumwambia mume wangu usisahau? Mimi ndiye namkumbusha. Mimi ndiye namwamsha saa kumi alfajiri akawahi umande."

Nje mtoto alipuliza ganda, fiii, fiii.

"Mama Isabela, ganda analochezea mtoto ni la mwezi wa tano. Kikopo chake tumekiokota majanini, karibu na mwili, ndani ya ganda la Jumamosi. Chuma kile kinabana, kidole cha mtoto hakiwezi kukivuta. Na Chrispin hakuwa na sababu ya kukitoa kizima akaweka tupu. Kizima kiko wapi?"

Helena alifungua pindo la kanga kiunoni, akatoa kikopo cha chuma na kukiweka kando ya rula. Kilikuwa na joto la mwili wake. Rukaiya alikigeuza kwa kitambaa. 902.

"Ulitaka afe?"

"Mungu wangu, hapana!" Alijipiga kifua. "Nilitaka aibonyeze aone haina kitu, arudi kwake amwambie, dawa yako ya uongo, umeniibia. Wagombane. Nilitaka wagombane tu, afande! Nilijua atakohoa. Kila msimu anakohoa, baba yake alikohoa, wote wanakohoa, wanakunywa maziwa yanawaosha. Nilimchemshia maziwa chupa nzima siku ile. Nikamwambia, haya ndiyo dawa, ya mke wako. Aliyanywa?"

"Aliyanywa yote."

"Sasa kwa nini hayakumsaidia?"

"Maziwa yanakwenda tumboni. Salfa iko kifuani."

Helena aliikunja kanga usoni. Rukaiya alitoa karatasi za maelezo na kalamu, akamsomea haki zake neno kwa neno. Alimwambia ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika mahakamani. Helena aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi. Mlangoni Ashiru alikuwa ameshika simu.

"Piga kituoni. Mwambie mkuu faili la Jumanne lisiondoke. Nitamweleza mwenyewe. Na mama yake asikae tena kwenye ngazi."

"Ndiyo, afande."

Saa saba na nusu Helena aliweka dole gumba kwenye karatasi ya mwisho, ingawa alijua kusaini. Hakuinuka.

"Niulize na mimi kitu?"

"Uliza."

"Walikuwa wanacheka nini?"

Rukaiya alimtazama. Swali hilo halikuwa la kesi. Lakini alifungua mkoba, akatoa daftari jembamba, akasoma ukurasa wa kwanza kama ulivyoandikwa.

"'Sababu ya kuja: mwaka jana alibanwa na kifua akiwa kwenye pikipiki, akachelewa kufunga breki, mke akaanguka na kuumia goti. Anasema yeye akianguka peke yake si neno. Anataka kuwa na hakika kabla ya kumpakia tena mkewe.'"

Helena alifunika kovu la goti kwa kiganja.

Rukaiya alifunua hadi Jumamosi. Pembeni mwa namba, kwa kalamu ya kijani, Mabel alikuwa ameandika mstari mmoja.

"'Imeanguka mara mbili. Mgonjwa anacheka, anasema: usimwambie Mama Isabela nimeshindwa na rula, atanitania mpaka korosho ziive.'"

Nje ganda la bluu lilipulizwa tena. Helena alinyoosha mkono akaichukua rula kutoka kitandani, akaishika juu kwa vidole viwili vya mkono mmoja, mkono wa pili akauweka chini yake, wazi. Akaiachia. Ilianguka kwenye udongo.

Aliiokota, akajaribu tena.

Rukaiya alimwacha ajaribu mara tatu, kisha akamshika kiwiko, wakatoka.